Walokole na Ushirika Wao: Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Katika muda wa miaka kumi ulikuwa umefika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Haukuunda kanisa lake, bali ulikaa ndani ya makanisa yaliyokuwepo: kwanza Anglikana, kisha Lutheri, Presbiteri na Methodisti. Watu wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, Ahonoki kwa Kikuyu, na kwa Kiswahili walokole. Yanayosimuliwa zaidi juu yao ni machozi ya toba, nyimbo za usiku kucha na mikutano ya maelfu. Hayo yalikuwepo kweli. Lakini mikesha na machozi peke yake havielezi kwa nini watu waliookoka kabla ya vita vya pili vya dunia walizeeka na kufa wakiwa bado walokole, wala kwa nini wajukuu wao walishika njia ile ile. Sababu iko katika ushirika, yaani kikundi cha ndugu wachache waliokutana kila juma, wakaulizana hali ya roho, wakaonyana, wakabebeana mizigo, na hawakuachana.

Gahini iko juu ya kilima kinachotazama ziwa Muhazi. Kituo cha misheni kilifunguliwa hapo katikati ya miaka ya 1920 na tawi la shirika la misheni la Kianglikana, CMS, lililokuwa limeanza kazi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1921 chini ya madaktari wawili Waingereza, Algernon Stanley Smith na Leonard Sharp. Mwaka 1928 akafika daktari kijana, Joe Church, kusimamia hospitali. Alikuta nchi inaingia kwenye njaa kubwa. Watu walianguka njiani wakielekea kituoni kutafuta chakula, na hospitali ndogo ikajaa kuliko uwezo wake. Wasaidizi na walimu wengi wa Gahini walikuwa wametoka Uganda; walikuwa mbali na kwao, wamechoka, na baadhi yao hawakuona tena sababu ya kuendelea.

Mwezi Septemba 1929 Church alikwenda Kampala, mwili na roho vikiwa vimechoka vile vile. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kimoja: uwezo wa kuishi yale waliyoyahubiri. Walikaa na Biblia, wakafuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu toka kitabu hadi kitabu, wakaomba pamoja. Leo jambo hilo laweza kuonekana dogo. Wakati ule, daktari Mzungu kumwambia Mwafrika kwamba roho yake ina njaa, na kumwomba amsaidie, halikuwa jambo la kila siku, na baadhi ya wamisionari wenzake hawakulifurahia. Muda mfupi baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri wa kawaida, bila mshahara wa misheni na bila cheo cha kanisa.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda kwa karibu. Kinuka, mtu wa Ankole, alikuwa mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini. Kazi ilikuwa imedorora, wafanyakazi wakigombana na vitu vikipotea. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi alimuuliza habari za hospitali, na Kinuka akamwaga malalamiko yake yote. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba ubaya wa hospitali unatokana na dhambi iliyo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Maneno hayo yalimchoma. Katika safari ya kurudi aliyatafakari, akakubali, akamkabidhi Kristo maisha yake. Alipofika Gahini aliwaomba msamaha wenzake, na hospitali ikaanza kubadilika mtu mmoja baada ya mwingine. Nsibambi hakumpa pole wala hakumtungia hotuba. Alimtia moyo kwa kumwambia ukweli usoni, akiamini kwamba mgeni wake aweza kuubeba. Namna hiyo ya kutiana moyo ndiyo iliyokuja kuwa alama ya Uamsho wote.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko huko Gahini, msimamizi wa shule ya wainjilisti. Mwaka 1935 alijifungia kwa siku kadhaa akifunga na kuomba, kwa sababu aliona mahubiri yake hayazai kitu. Alipotoka aliwaomba msamaha watu aliowakosea, wakiwemo watu wa nyumbani mwake, na mafundisho yake yakawa na makali mapya. Septemba mwaka ule timu ya Gahini iliongoza mkutano wa Kabale, ambao uliwasha moto Kigezi na Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda. Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala akiwa na hoja za kupeleka kwenye sinodi ya kanisa. Akaugua homa ya kupe, akafa tarehe 25, kabla hajazisema. Hoja zake zilifika kwenye sinodi hata hivyo, na mwito wake, Zukuka, yaani amka, ukachaguliwa kuwa neno kuu la jubilii ya miaka 60 ya Kanisa la Uganda mwaka 1937. Kifo hicho kingeweza kuuvunja moyo Uamsho ukiwa bado mchanga. Badala yake, katikati ya mwaka 1936 toba ilizuka Gahini kwa nguvu ambayo haikuwa imeonekana kabla, na waliobaki wakaanza kutoka kwenda kwa jirani.

Ushirika ulipangwa kwa urahisi mno, na hilo ni sehemu ya siri yake. Ndugu walikutana mara moja au mbili kwa juma, kanisani baada ya ibada, nyumbani kwa mmoja wao, au chini ya mti. Hakikuwepo kiti cha mbele. Mchungaji, mpishi, muuguzi na mkulima walikaa benchi moja, na mwenye neno alisimama akasema. Kikao kilifunguliwa kwa wimbo na sala fupi. Kisha mtu alisimama, akawasalimu wenzake kwa kumsifu Bwana, akaeleza Mungu alivyomtendea tangu walipoonana. Hakusimulia tu siku aliyookoka miaka iliyopita. Alitakiwa aseme ya juma hili: hasira aliyomtolea mkewe juzi, wivu aliomwonea mwalimu mwenzake aliyepandishwa cheo, sabuni ya hospitali aliyoipeleka nyumbani. Alipomaliza, wengine walimpokea kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu ambao ulivuka mipaka ya lugha hata watu wasiojua neno jingine la Kiganda wakauimba. Popote ulipoimbwa, Murang'a au Bukoba, msafiri alijua amefika kwa ndugu.

Baada ya wimbo yalikuja maswali. Umemwomba msamaha mkeo? Sabuni umeirudisha? Lini? Walokole waliliita jambo hili kutembea nuruni, wakilitegemeza kwenye 1 Yohana 1:7, ambapo nuru, ushirika na damu ya Yesu vimefungwa katika sentensi moja. Kwa mujibu wa fundisho lao, dhambi iliyofichwa haimtengi mtu na Mungu tu, inamtenga na ndugu zake pia, na mtu aliyetengwa hawezi kudumu. Toba kwa hiyo ilikuwa na mguu wa pili, nao ni kurudisha. Majembe yalirudishwa kwa wenyewe, ng'ombe walilipwa, watu walikwenda kwenye maduka na ofisi kueleza walichoiba, na wengine walijipeleka kwa wakuu wa serikali kulipa kodi waliyoikwepa.

Neno lingine lililosikika sana vikaoni lilikuwa kuvunjika. Lilihusu kiburi: mtu aliyekosolewa na ndugu yake alikuwa na hiari ya kujitetea au kukubali. Wazee wa Uamsho walishikilia kwamba wokovu wa siku ya kwanza haumfikishi mtu mbali kama havunjiki tena na tena. Hapa ndipo ustahimilivu wao unapotofautiana na ule wa mtu mmoja mmoja anayekaza meno. Mlokole hakutarajiwa kusimama kwa nguvu zake. Alitarajiwa kuanguka, kusema ameanguka, na kuinuliwa na watu wenye majina, waliomjua na waliokuwa wameanguka wenyewe juma lililopita. Agizo la Waebrania 10:24-25 la kutoacha kukusanyika na la kuonyana lilitekelezwa kwa maana yake ya wazi kabisa: asiyeonekana kikaoni alifuatwa nyumbani.

Ushirika haukuishia kwenye mambo ya roho. Kijana aliyetaka kuoa alileta shauri lake kwa ndugu, nao walimpeleleza yeye na binti, wakasimama kama wazazi pale wazazi walipokataa arusi ya watu wasiotaka pombe wala mahari ya kujionyesha. Ndugu walijenga nyumba za wajane, wakachangia ada za shule, wakabeba majeneza. Safarini mlokole alilala kwa mlokole asiyemjua. Ndani ya nyumba mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kuliko yale yaliyoonekana kanisani. Katika sehemu nyingi za Uganda na Rwanda mume alikula peke yake na wanawake walikatazwa baadhi ya vyakula, kama kuku na mayai. Familia za walokole zilianza kukaa meza moja na kula chungu kimoja. Wafugaji na wakulima waliotengwa na desturi ya karne nyingi walikula pamoja. Wanawake walisimama mbele ya wanaume, wakashuhudia, wakaonya, wakaenda safari za kuhubiri, miaka mingi kabla kanisa halijafikiria kuwapa daraja lolote.

Wageni kutoka Ulaya nao waliingia kwenye benchi hilo. Wamisionari kadhaa walisimama mbele ya Waafrika wakaungama dharau, hasira na kiburi cha rangi. Walokole hawakuwa na mpango wa kisiasa, na wapigania uhuru wengine waliwalaumu kwa hilo, tena kwa haki. Lakini katika makoloni ambako Mwafrika aliingia nyumba ya Mzungu kwa mlango wa jikoni, kikao ambacho mpishi aliweza kumwuliza daktari kama amemwomba msamaha dereva wake kilikuwa kimeenda mbele ya wakati wake.

Habari ilisambazwa na timu. Hakutumwa mhubiri mmoja maarufu. Walikwenda ndugu watano, kumi au zaidi, Waafrika na Wazungu, wanaume na wanawake. Kila asubuhi kabla ya kuhubiri, timu ilikaa yenyewe nuruni. Kama wawili walikuwa wamekwaruzana njiani, jambo lilimalizwa kwanza. Timu ya namna hiyo ilifika Kabete, nje ya Nairobi, mwaka 1937. Nyingine ilifika Katoke, magharibi mwa ziwa Viktoria huko Tanganyika, mwaka 1939, na kutoka huko moto ukawafikia Walutheri wa Buhaya. Mwaka 1947 Church alisafiri na Kinuka pamoja na William Nagenda hadi Uingereza, na mafundisho ya kuvunjika na kutembea nuruni yakazaa huko kitabu kidogo cha Roy Hession, The Calvary Road, kilichosomwa sehemu nyingi za dunia. Mkondo wa misheni uliokuwa umezoeleka kutoka Ulaya kuja Afrika ukawa umegeuka.

Nagenda anahusika na jaribu la kwanza kubwa la Uamsho ndani ya kanisa. Alikuwa karani wa serikali aliyeacha kazi, mtu wa elimu na wa familia yenye uwezo, na aliingia chuo cha kanisa cha Mukono kusomea uchungaji. Walokole wa chuo waliamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, wakawalaumu wazi wazi wenzao na walimu kwa wizi, ulegevu na mafundisho waliyoyaona kuwa ya kisasa yanayopunguza nguvu ya msalaba. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano ya alfajiri. Wao walijibu kwamba katika jambo hilo hawawezi kutii. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, Nagenda akiwa miongoni mwao, na kwa wengi wao mlango wa uchungaji ukafungwa.

Haiwezekani kuisoma habari ya Mukono bila kuona makosa pande zote mbili. Vijana wale walikuwa wakali na wakati mwingine walihukumu wasichokijua. Wakuu nao walitumia amri mahali palipohitaji mazungumzo. Lakini kilichofuata ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi. Afrika Mashariki ilikuwa tayari na makanisa ya kujitenga, na kila mtu alitarajia walokole waanzishe lao. Hawakuanzisha. Walirudi kwenye parokia zao, wakaketi chini ya wachungaji ambao wengine waliwadhihaki, wakapokea Meza ya Bwana, na wakaendelea na vikao vyao vya juma. Nagenda alihubiri nchi nyingi mpaka kifo chake mwaka 1973, mlei hadi mwisho. Subira hiyo ilizaa matunda polepole. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mtu wa Uamsho, akawa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo la Uganda, Rwanda na Burundi.

Tanganyika ilipata sehemu yake kupitia watu zaidi kuliko mikutano. Festo Kivengere, mwalimu kutoka kusini-magharibi mwa Uganda, alihamia Dodoma miaka ya 1940 kufundisha sekondari, na kazi yake ya jioni na ya likizo ikawa kuhubiri. Alimudu Kiswahili kiasi kwamba Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Bukoba ilimtoa Josiah Kibira, aliyeokoka katika Uamsho akiwa kijana, akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1977. Tarehe 15 Mei 1955, kwenye kanisa kuu la Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa siku moja. Kati yao walikuwa Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika, wote wawili watu wa Uamsho.

Kariuki alirudi kwenye nchi iliyokuwa vitani. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952, na Wakikuyu walitakiwa kuchagua upande. Ahonoki walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni kutoka msituni. Sababu yao waliieleza kwa lugha ya ushirika: waliokunywa damu ya Kristo hawawezi kunywa damu nyingine ya agano. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali na kazi ya ulinzi iliyowataka kuua. Hivyo walichukiwa kutoka msituni na kushukiwa kutoka bomani. Baadhi yao walinyongwa au kukatwa kwa mapanga usiku, nyumba zao zikachomwa. Waliobaki waliendelea kukutana, mara nyingine kila siku badala ya kila juma, kwa sababu hakuna aliyejua nani ataonekana kesho. Kikao cha namna hiyo kilikuwa hatari, na kukosekana kwake kulikuwa hatari zaidi: mtu aliyeachwa peke yake kibandani usiku, wenye kiapo wakibisha hodi, alikuwa na sababu nyingi za kukubali. Aliyejua kwamba ndugu watano wanamwombea saa ile ile alikuwa na moja ya kukataa.

Kumbukumbu ya watu hao iko Murang'a, katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ukutani kuna picha tano kubwa alizochora Elimo Njau, msanii kutoka Marangu, Kilimanjaro, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa vimewekwa kwenye mandhari ya Kikuyu, kwenye miteremko, migomba na vijumba vya nchi ile ile walimouawa. Kilimanjaro ilichora, Murang'a ikasali mbele yake.

Rwanda ilifuata. Machafuko yaliyoanza mwaka 1959 yalivunja jamii ambamo Uamsho ulizaliwa, na Watutsi wengi wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji aliyehudumia kambi za wakimbizi wa ndani katika eneo la Nyamata, kusini mwa Kigali. Alikuwa na nafasi ya kuondoka, akabaki na watu wake. Usiku wa tarehe 23 Januari 1964 askari walimchukua pamoja na wengine. Aliomba ruhusa ya kuandika katika shajara yake, akawakabidhi askari fedha alizokuwa nazo zipelekwe nyumbani, kisha akaongozwa kwenda daraja la mto Nyabarongo. Alikwenda akiimba. Alipigwa risasi na mwili wake ukatupwa mtoni. Mwenzake mmoja aliachiliwa usiku ule ule bila kutarajia, na kwake ndiko habari ilikotoka. Jina la Kanamuzeyi limeandikwa miongoni mwa mashahidi wa nyakati hizi katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Uganda ya Idi Amin ilimpata Janani Luwum, mwalimu wa Acholi aliyeokoka Januari 1948 kwa kazi ya ndugu wa Uamsho, na aliyekuwa Askofu Mkuu tangu mwaka 1974. Mwezi Februari 1977 nyumba yake ilipekuliwa usiku, na maaskofu wakatia sahihi barua moja ya kumlalamikia rais. Tarehe 16 waliitwa Kampala pamoja, wakaachiwa pamoja, isipokuwa yeye. Kesho yake redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Serikali haikuutoa mwili kwa mazishi ya Namirembe. Jumapili iliyofuata waumini walijaa kanisa kuu, kisha wakatoka nje, wakasimama kuzunguka kaburi lililokuwa limechimbwa na halina mtu, wakaimba. Kivengere, wakati ule askofu wa Kigezi, alionywa na waumini kwamba ndiye anayefuata. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Mwaka ule ule alichapisha kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, I Love Idi Amin. Ndani yake alieleza kwamba alikuwa ameona chuki ikimla, na kwamba Ijumaa Kuu moja, kanisani London, alilazimika kuungama hivyo na kumsamehe. Hata akiwa askofu mkimbizi mwenye jina duniani, alifanya kile alichokizoea kikaoni tangu ujana.

Nguvu iliyowashika watu hao pamoja ilikuwa na madhara yake. Nuru iliweza kugeuka upelelezi. Asiye na dhambi mpya ya kuungama alishukiwa kuficha, na aliyenyamaza aliitwa mkavu. Wakristo ambao hawakushuhudia kwa lugha ya kikundi walihesabiwa kuwa hawajaokoka, hata kama walikuwa wametumika kanisani maisha yao yote. Huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, mvutano kati ya walokole, walioitwa watu wa damu, na Waanglikana wengine walioitwa watu wa upendo uliishia mwaka 1957 kwa kundi la pili kujitenga chini ya Matthew Ajuoga na kuunda Church of Christ in Africa. Baadaye Uamsho wenyewe uligawanyika: Uganda wakatokea Abazukufu na Kenya Kufufuka, makundi yaliyowashtaki ndugu zao kwamba wamepoa, wamekubali mikopo, mavazi ya fahari na mambo ya dunia. Wazee waliokula pamoja kwa miaka 30 walifikia kutosalimiana.

Doa zito zaidi ni la mwaka 1994. Rwanda, nchi ya Gahini, ilikuwa imejaa Wakristo wakati mauaji ya kimbari yalipoanza, na makanisa yakawa machinjio. Baadhi ya viongozi wa kanisa lililolelewa na Uamsho walikuwa wamejifunga na watawala kiasi cha kushindwa kusema. Wapo waliosimama. Israel Havugimana, aliyekuwa akiwakutanisha Wahutu na Watutsi kwa maombi na upatanisho, aliuawa tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza. Lakini walikuwa wachache mno. Ushirika uliowafundisha watu kuungama wivu na wizi haukuwa umewafundisha vya kutosha kuutaja wazi ubaguzi wa kabila kuwa dhambi, wala kumwonya mkubwa wa serikali kama walivyomwonya mpishi. Vikao vingi vilikuwa vimejifunza kunyamaza juu ya siasa tangu enzi ya ukoloni, na ukimya huo uligharimu uhai wa watu.

Leo neno mlokole linatumika mjini kwa yeyote aliyeokoka, na wengi wanaoitwa hivyo ni Wapentekoste ambao hawajawahi kuketi katika kikao cha kuwekana nuruni. Salamu ya Bwana asifiwe imetoka kwa ndugu ikawa ya kila mtu. Vijana wa vyuo vikuu wana vikundi vya maombi vinavyofanana na ushirika kwa sura, ingawa kuungama hadharani kumepungua na mahubiri yameongezeka. Ushirika wa zamani bado unakutana kila juma Kigezi, Bukoba, Murang'a na kwingineko, ukiongozwa na wazee wasiolipwa, na bado unashughulika na ndoa, madeni na misiba ya watu wake. Kila baada ya miaka kumi ndugu kutoka nchi zote hizo hukutana Kabale, kama walivyokutana mwaka 1935 na 1945, wakilala kwa wenyeji na kula pamoja kwa siku kadhaa.